Fakiri Aliyekula kwa Mkono wa Kushoto

Nnakumbuka bakuli. Lilikuwa jeupe, la kauri, lina maua ya buluu ukingoni, na lilikuwa la bibi yangu mzaa baba. Hapo tuko Unguja, na mimi nna miaka mitano au sita, sijui sawasawa, kwetu kuzaliwa kwa mtoto wa kike hakukuandikwa popote. Bibi alinituma nipeleke mchuzi wa pweza kwa jirani. Akalifunika bakuli kwa kawa, akanifundisha maneno ya kusema: "Bibi anakusalimu, anasema pokea hiki kidogo, usitazame udogo wake." Nikenda nikiyarudiarudia njiani yasinianguke, midomo inacheza, macho hayaoni, na mguu ukaingia kwenye mtaro. Bakuli likavunjika, mchuzi wakaupata paka. Mtoto mwengine angerudi kwao analia. Mimi nilijifuta magoti, nikaendelea na safari yangu. Nikapiga hodi, nikaingia na kawa tupu mkononi, nikasema neno kwa neno: Bibi anakusalimu, anasema pokea hiki kidogo, usitazame udogo wake.

Yule mama alitazama mikono yangu, akanitazama usoni, akasema, "Kweli mwanangu, ni kidogo."

Mtaa mzima ulicheka. Toka siku hiyo wakaniita Mjumbe, na jina likapanda meli pamoja nasi, likaja huku Omani. Bibi alikuwa akiwaambia watu kuwa mtoto huyu ukimpa neno litafika, kinachobebwa mkononi ndo usimwamini nacho. Nikajiona mtu mkubwa. Watoto wengine walikuwa wakisifiwa nywele, wengine sauti ya kusoma maulidi. Mimi nilisifiwa kwa kufikisha.

Sasa nimeingia wapi huko, nilitaka kusema habari ya marashi. Mama yangu kafariki majuzi, hapa Mabela, nyumbani kwa mwanangu wa kwanza, kwenye chumba nilichokuwa nikilala naye. Mungu amrehemu. Matanga yalijaa. Walikuja wanawake kutoka Bawshar, kutoka Matrah, wengine sijawaona miaka, wamekuja na fimbo zao na wajukuu wa kuwashika mkono. Nyinyi wa rika langu mnajua matanga ya watu wazee yalivyo: siku ya kwanza kilio, siku ya pili hadithi. Siku ya pili akasimama mama mmoja mtu mzima, akawageukia vijana, akasema wamtazame marehemu Bi Zuwena, kafiwa na mume ni kijana, mzuri kama alivyokuwa, na waume wametaka, na yeye kakataa kuolewa kwa ajili ya mwanawe huyu. Akanioneshea kidole. "Siku hizi wako wapi wanawake kama hao," akasema, na wote wakaitikia kumwombea rehema. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Msichana mmoja akapita na mrashi, akaninyunyizia shingoni, na yale marashi ya mawaridi yakakutana na harufu ya tende zilizokuwa kwenye sinia mbele yangu.

Nikaweka birika chini. Wakadhani nimezidiwa na msiba, wakanipepea. Msiba ulikuwepo, sikatai. Lakini pua yangu ilikuwa imeshaondoka pale, iko Matrah, ndani ya ghala la tende, mchana wa Ijumaa, milango imefungwa.

Tulipofika huku kutoka Unguja, tulifika watu wanne na tukabaki watatu. Baba alishikwa na homa akafariki kabla hatujazoea hata maji ya huku. Tukabaki kwenye nyumba ya Matrah, mimi, mama na Bibi, chumba chetu upande mmoja na chumba cha Bibi upande wa pili, katikati kiwanja na kisima, na dirisha la chumba chetu linatazama kisima. Kiarabu hatukijui. Hilo ndilo lililotuchoma kuliko jua. Unguja tukiitwa Waarabu, tukafika kwa Waarabu tukaitwa watu wa Zinjibar. Mama akitaka kununua ndimu kavu ilibidi aoneshe kwa kidole kama bubu. Mimi chuoni nilisoma Kurani bila ya kujua nnasema nini, na skuli niliiona baadaye, na kwa uchache, kwa hiyo mkiona nnaandika kama nnavyosema mnivumilie.

Mama, nikihesabu leo, alikuwa hajatimiza miaka ishirini na saba. Mtoto hajui mambo hayo. Kwangu alikuwa mtu mzima kama Bibi, tofauti yao meno tu. Eda yake ilikwisha, akavua mavazi ya msiba, na siku ileile Bibi akamwita akamwambia jambo mbele yangu, kwa upole kabisa, huku anachambua mchele. Alimwambia kwamba yeye ni mwanamke bado, akitaka kuolewa ni haki yake, hakuna wa kumzuia. Lakini akiolewa na mtu wa nje ya ukoo, mtoto anabaki. Mtoto ni wa marehemu, damu ya hapa, hatokwenda kulelewa na baba wa kambo. Mama alisema amesikia. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyeona ni ukatili, hata mimi. Nilifurahi kusikia kuwa mimi ni wa hapa.

Ndipo akaja Ami Seif. Hakuwa ami yangu, tulikuwa tukiwaita hivyo wanaume wote wa makamo waliotoka kwetu. Alizaliwa Pemba, akafanya kazi miaka mingi Bombay kwenye majumba ya sinema, akaja Maskati na mashine moja ya kuonesha picha na filamu moja. Moja tu. Mwembamba, mrefu, mikono mikubwa yenye harufu ya mafuta ya mashine, na mdomoni kila wakati anatafuna iliki. Alifikia nyumba ya jirani, ambayo juu yake unakiona kiwanja chetu, na kwa kuwa ni mtu wa kwetu aliletewa chakula kutoka kwetu. Aliyepika mama. Aliyepeleka mimi, na nilikuwa nimeshajifunza kutazama mitaro.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani hata siku zile. Ami Seif alisema ilitengenezwa zamani sana, watu walipokuwa ndo kwanza wameanza kuzifanya picha ziseme, na waigizaji walikuwa wakisema kwa nguvu kama wanaomwita mtu ng'ambo ya bonde. Sauti ya filamu ilikuwa kama mtu anakaanga bagia na huku anazungumza. Lugha ni Kihindi, ile ya Waislamu wa huko. Kisa chake ni cha mfalme aliyekuwa na ndege ndani ya kizimba cha dhahabu. Siku moja ndege akakataa kula, akawa anataja jina la Mungu tu. Mfalme akamfungulia, ndege akaruka, na mfalme akabaki anakitazama kile kizimba kitupu mpaka akajiona yumo ndani yake. Akavua taji akamvisha mwanawe mdogo, likamshuka mpaka shingoni. Akavua viatu. Akamuaga malkia langoni, maneno marefu sana, malkia amembeba mtoto. Kisha akenda zake jangwani kuwa fakiri, na huko akawa walii, anakula mkate mkavu, anaponya vipofu, mpaka akafa na mwanga ukashuka.

Mwenye ghala la tende alimpa Ami Seif ghala siku za Ijumaa, baada ya sala mpaka Alasiri, maana tende za msimu mpya zilikuwa hazijaingia. Wanawake wa kwetu wasingetia mguu kwenye sinema, lakini hii, wakaambiwa, ni kisa cha walii. Bibi ndiye aliyeamua. Alisema kisa cha walii ni sawa na maulidi, na kama ni maulidi basi tutakwenda kimaulidi. Wakaja na vyetezo, wakachoma udi. Wakavua viatu mlangoni. Shuka kubwa jeupe lilitundikwa katikati ya ghala, wanaume mbele yake pamoja na mashine, wanawake nyuma yake. Shuka lilirowanishwa maji ili mwanga upenye na upande wa pili wapate kuona, na Bibi akasema hapana, picha ya walii haitapita kwenye maji ya kisima, akaleta marashi yake mwenyewe ya mawaridi akalinyunyizia shuka zima. Kwa hiyo harufu ya ghala lile ndiyo hiyo: tende za mwaka jana, mawaridi, udi, na vumbi linaloungua juu ya taa ya mashine.

Mimi peke yangu nilikuwa na ruhusa ya kupita pande zote mbili, kwa udogo wangu. Na ilikuwa lazima nipite, kwa sababu nyuma ya shuka hakuna aliyejua Kihindi. Wanaume wa mbele wengi walikuwa Mabulushi na Wahindi, wao wanakisikia. Wanawake wa kwetu waliona midomo inacheza tu. Basi nikatumwa. Nilikuwa nikenda kwa Ami Seif kwenye mashine, anainama, ananinong'oneza sikioni mfalme kasema nini, na mimi nalizunguka shuka nikiyashika maneno kwa midomo, nawapelekea.

Siku ya kwanza tu ukatokea mzozo. Fakiri alipokaa jangwani kula mkate wake, Bibi alinyanyua kichwa. "Walii gani huyu," akasema, "anakula kwa mkono wa kushoto?" Wanawake wote wakatazama. Kweli, anakula kwa kushoto, na anatoa sadaka kwa kushoto. Nikatumwa mbio kwenda kuuliza. Nikafika mbele, nikatazama, nikaona anakula kwa kulia kama Muislamu yeyote. Nikarudi nikasema, Bibi, kule mbele anakula kwa kulia. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Basi kule anajificha kwa kuwa kuna wanaume." Hakuna aliyejua kwamba picha ukiitazama kwa nyuma inageuka. Toka siku hiyo Bibi alimtazama walii yule kwa jicho la pembeni. Lakini hakuacha kuja hata Ijumaa moja.

Na hapa ndipo penye jambo langu. Ijumaa ya kwanza, mfalme alipofika langoni kumuaga malkia, Ami Seif aliniambia, "Anasema, nimeitwa, siwezi kukaa." Nikapeleka. Ijumaa ya pili, picha ileile, lango lilelile, midomo ileile, akaniambia, "Anasema, kila asubuhi nakuona dirishani, na kisimani unapochota maji, na moyo wangu hautulii." Nikapeleka kama nilivyopewa. Wanawake wakasema mashaallah, malkia akichota maji mwenyewe, watu wa zamani hawakuwa na kiburi. Mama aliuvuta mtandio wake mbele kidogo.

Ijumaa ya tatu, mfalme alisema anakwenda mji mwengine ambako ana kazi na nyumba ya vyumba viwili. Bibi akasema fakiri ana nyumba ya vyumba viwili kwa kazi gani. Nikarudi kuuliza, Ami Seif akacheka kidogo puani, akasema, "Mwambie ni nyumba ya akhera." Ijumaa hiyohiyo mfalme akasema pia kwamba kaka wa malkia yuko huko, amekubali, na yeye ndiye atakayemwozesha. Bibi akauliza si wameshaoana hawa? Mama mmoja akamjibu kuwa Bibi anatafuta ila, hiki ni kisa cha Kihindi, huenda kwao wanaozesha mara mbili. Mama ndipo akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Kamwulize, malkia anasema, na mtoto je?"

Nikenda. Ami Seif aliitazama mashine yake muda mrefu, na mwanga ukimcheza usoni. Kisha akainama. "Mfalme anasema, mtoto atabaki kwa bibi yake. Bibi yake hatomwachia, na safari ni ya watu wawili." Nikalizunguka shuka, nikayafikisha, neno kwa neno, sikuacha hata moja. Nilikuwa hodari.

Mimi nilidhani nini? Nilidhani ni karama. Wallahi. Nilidhani walii yule yu hai ndani ya lile shuka, na kila Ijumaa anasema maneno mapya kwa anaotaka kuwaambia, na mimi ndiye aliyenichagua niyapeleke. Nilikuwa nikisali, nikimaliza namuombea heri. Kwa siku zile kama mtu angeniambia Ami Seif ni malaika ningekubali, ila ingebidi aniambie kwa nini malaika anavaa kikoi chenye doa la mafuta.

Mtaani nilikuwa na rafiki mmoja, mtoto wa Kibulushi, Mahbibi. Baba yake akija kila Ijumaa, naye akikaa mbele miguuni pake. Tulizungumza kwa Kiarabu cha watoto, nusu maneno nusu vidole. Nikamsimulia karama yangu. Akanitazama kama ninaota. Akasema mfalme pale langoni anasema maneno yaleyale kila wiki, yeye ameshayajua kwa moyo. Nikamwambia muongo. Akaniambia njoo ukae nami. Ijumaa ya nne nilikaa naye, na mfalme alipofungua mdomo, Mahbibi akasema pamoja naye, kwa Kihindi, neno juu ya neno, kama anayesoma kasida maulidini. Kisha akanifasiria: Nimeitwa, usinishike nguo, mlee mtoto wetu kwa jina la Mola. Basi. Hakuna dirisha, hakuna nyumba, hakuna kaka.

Ami Seif akaniita siku hiyo akanipa maneno mengine tena, sikumbuki, kitu cha kusubiri jibu. Nikayapeleka. Nilikuwa sijui la kufanya na mdomo wangu zaidi ya kuyapeleka.

Mtoto hafikiri kama sisi, hafikiri moja kwa moja. Ilinichukua siku kadhaa. Siku moja nimekaa kisimani nikanyanyua macho, nikaliona dirisha letu. Siku ya pili ikaja barua ya mjomba kutoka Dubai, nikakumbuka kaka wa malkia. Jioni yake, nnakula, lile neno likanijia lenyewe, mtoto atabaki kwa bibi yake. Nikaanza kuhesabu watoto wa nyumba ile. Nilikuwa peke yangu.

Nikasimama na tonge mkononi. Nilichokiona uchungu si kuachwa tu, hilo bado sikulielewa vizuri. Niliona uchungu kwamba nimelibeba mwenyewe. Wamenipa habari ya kuachwa kwangu, wakanituma niipeleke, nami nikaikimbiza nisije nikaisahau njiani.

Sikusema. Nilimjaribu mama. Alikuwa ananisuka, kichwa changu mapajani mwake, nikamuuliza je, malkia alimwacha mtoto wake kweli? Vidole vyake vikasimama. Akauliza nani kaniambia. Nikasema mfalme. Akasema, "Yale mambo ya sinema tu, mwanangu," akaendelea kusuka, na alinisuka vizuri siku ile kuliko siku zote, mistari midogo midogo, mafuta ya nazi kila mstari. Wiki ile yote alikuwa hivyo. Alinishonea nguo mbili. Alinirudishia vifungo vya nguo za zamani. Alinilisha mapande ya samaki yasiyo mwiba kwa mkono wake, mtoto mkubwa mimi. Alhamisi akanifundisha kuwasha jiko la mafuta bila ya kujiunguza, akasema Bibi mzee, mikono inamtetemeka, nijue kumsaidia. Kila jema alilonifanyia lilikuwa linaniumiza, na mpaka leo mtu akinifanyia wema wa ghafla, moyo wangu unatazama mlango.

Sasa na mimi nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, nna wajukuu. Nnajua mama, kijana wa miaka ile, alitaka nini. Kitanda chake, mlango wake, mtu wa kucheka naye, asizeeke na mama mkwe wanachambua mchele. Ningekuwa shoga yake ningemwambia nenda. Lakini sikuwa shoga yake. Nimemwogesha miaka tisa ya mwisho, nimemgeuza kitandani kama mkate, na hata siku moja hakuniambia, nami hata siku moja sikumwambia. Alikuwa akiniita Mjumbe mpaka mwisho. Wakati mwengine akiniita hivyo alikuwa akinitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, na mimi nikijishughulisha na mto.

Ijumaa ya tano tulivaa nguo zile mpya. Mama alijitia udi. Bibi akanyunyiza shuka, picha zikaanza, ndege akakataa kula. Nilikaa upande wa wanawake nikijifanya nna usingizi, mpaka Bibi akanisukuma kwa goti, akaniambia mfalme anafika langoni, nenda kazini kwako.

Ami Seif alikuwa amevaa kanzu safi. Hakutafuna iliki siku ile. Aliinama, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kidogo. "Mfalme anasema gari inaondoka kesho asubuhi. Hatosema neno jengine. Anataka jibu moja tu, ndiyo au la."

Nikalizunguka shuka. Niliwaambia wanawake kwamba mfalme anaomba dua, wakasema amin. Kisha nikakaa karibu ya mama, nikamwambia sikioni kama nilivyoambiwa. Mwanga wa shuka ulikuwa unampiga usoni, na nilimwona vizuri. Alikuwa mzuri. Nilikuwa sijawahi kumwona kuwa ni mzuri, ndo mara ya kwanza.

Alikunja na kukunjua ncha ya mtandio mpaka nikadhani hatojibu, na nikaanza kufurahi. Kisha akasema, pole pole, bila ya kunitazama:

"Kamwambie, malkia anasema ndiyo."

Nikamuuliza, "Na mtoto, mama?"

"Malkia anasema, mtoto ana bibi yake."

Sikulia. Nilisimama. Kutoka pale alipokaa mama mpaka mwisho wa shuka, na kutoka mwisho wa shuka mpaka kwenye mashine, palikuwa na hatua kumi na moja, nilizijua kwa kuzihesabu kila wiki. Nilikuwa nikizitembea nikiyarudiarudia maneno kwa midomo yasinianguke. Siku ile nilizitembea nimefunga mdomo.

Ami Seif aliniona nikija akapiga goti moja chini ili tuwe sawa. Hakupata kunipigia goti kabla ya siku ile. "Enhe, Mjumbe," akasema.

Nikamwambia, "Malkia kasema la."

"Kasema la?"

"Kasema ana mtoto."

Alinitazama. Sijui alichokiona. Mtoto niliyesifika mtaa mzima kwa kufikisha neno, nani angenishuku. Akanishika kichwani, kwenye zile nywele alizonisuka mama, akasema, "Kasema kweli." Kisha akanyanyuka, akaifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na mafuta siku ile, akakitundika kitambaa kwenye pembe ya sanduku la mashine. Akapita nyuma ya wanaume, akavitafuta viatu vyake katika fungu la viatu mlangoni. Akafungua mlango. Jua likaingia, likalifuta lango na mfalme na malkia, shuka likabaki jeupe tupu, na watu wakanung'unika pande zote mbili, funga mlango huo. Akaufunga, taratibu, kwa nje.

Picha ikarudi. Mfalme alikuwa ameshafika jangwani. Mashine iliendelea kuzunguka yenyewe mpaka filamu ikaisha, ncha yake ikawa inapiga, tapu tapu tapu, na wanaume wakageuka kumtafuta mwenyewe aje aizime. Mtoto wa mwenye ghala ndiye aliyeizima. Ilikaa pale pale, na kitambaa chake juu yake, mpaka tende mpya zilipoingia ikasukumwa pembeni kupisha magunia. Ami Seif hakurudi kuichukua.